Farasi-bahari nyumbani Nairobi: tangi la lita 40 la vibete au tangi refu la lita 130?

Anayetaka kufuga farasi-bahari Nairobi kwa kawaida huanza kwa kuuliza ukubwa wa kioo, na wengi huamini tangi dogo ndilo jepesi kwa anayeanza. Kwa mnyama huyu mambo yako kinyume. Farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula. Anachomeza hupita haraka, kwa hiyo lazima ale kila siku, zaidi ya mara moja, na chakula chenyewe kiwe cha kumvutia. Tangi dogo la vibete hula muda wako asubuhi na jioni bila likizo. Tangi refu hula pesa mwanzoni, kisha hutulia. Uamuzi uanzie hapo: nani yupo nyumbani, chakula gani kitapatikana mwezi mzima, na stima ikipotea usiku kutatokea nini.

Kibete tunayemzungumzia ni Hippocampus zosterae wa Florida na Ghuba ya Mexico. Mkubwa wake hufika sentimita mbili na nusu hivi, na maisha yake yote ni kama mwaka mmoja. Wa tangi refu ni Hippocampus kuda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, Hippocampus reidi wa Karibi na Brazili, au Hippocampus erectus wa pwani ya mashariki ya Marekani. Hawa hufika sentimita 12 hadi 17 na wakitunzwa vyema huishi miaka mitatu hadi mitano. Wote watatu huzalishwa kwenye matangi na wafugaji wa kibiashara, na jambo hilo lina uzito kuliko rangi au umbo lao, kama tutakavyoona.

| | Vibete, lita 40 | Wakubwa, lita 130 |
|---|---|---|
| Vipimo vya kioo | sm 40 × 30 × 35 | sm 60 × 45 × 60 (kimo) |
| Idadi ya kuanzia | 6 hadi 8 | jozi moja |
| Chakula | artemia (wadudu wadogo wa maji ya chumvi, jamii ya kamba) wachanga walio hai, mara 2 au 3 kwa siku | misisi (kamba wadogo sana) waliogandishwa, mara 2 kwa siku |
| Kichujio | sponji ya pampu ya hewa | skima (chombo kinachotoa uchafu kwa mapovu), mawe na pampu ya kurudisha maji |
| Hita | wati 50 | mbili za wati 75 |
| Kubadilisha maji | lita 8 kila wiki | lita 25 kila wiki mbili |
| Anaweza kuachiwa jirani? | kwa shida | ndiyo, akifundishwa |

Kimo cha tangi la wakubwa hakipunguzwi. Dume na jike wakichumbiana hupanda pamoja wima kutoka chini hadi juu, na jike humhamishia dume mayai wakiwa wanaelea. Kanuni inayotumika ni kimo cha maji kiwe angalau mara tatu ya urefu wa mnyama aliyenyooka. Farasi wa sentimita 15 anahitaji sentimita 45 za maji. Tangi la kawaida la futi mbili linalouzwa kwa samaki wa maji baridi mara nyingi lina kimo cha sentimita 35 hadi 40. Mayai hudondoka, na jozi hubaki ikijaribu tena na tena.

Basi utamwendea fundi wa vioo. Mwambie milimita 10, hata kama atakuhakikishia kwamba 8 inatosha. Silikoni iwe ya matangi ya samaki au silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni na jikoni huwa na dawa hiyo, na sumu yake huvuja polepole kwa wiki kadhaa. Acha ikauke siku saba, kisha jaza maji ya mfereji na uliache limejaa siku tatu juu ya gazeti kavu. Tangi hili likiwa tayari na maji, mawe na kioo chake hukaribia kilo 200, kwa hiyo liwekwe juu ya meza ya chuma iliyochomelewa, kwenye ukuta wa kubeba, mbali na dirisha linalotazama magharibi. La lita 40 hukaa juu ya kabati imara bila wasiwasi. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka, hiyo ni hoja nzito upande wa vibete, na pengine ndiyo hoja yao bora kabisa.

Maji: kutoka pwani au kuchanganya mwenyewe?

Swali hili huja kwa tangi lolote kati ya haya mawili. Kuna anayeweza kukuletea jerikeni za maji ya bahari kutoka Mombasa, na jerikeni saba zinajaza tangi refu. Maji mazuri ya bahari ni mazuri kweli, lakini ubora wake hutegemea mahali na majira. Yanayochotwa kwenye hori karibu na bandari au mji hubeba mafuta na maji taka. Wakati wa masika mvua hushusha chumvi, na kusi ikivuma maji huwa na tope. Anayetaka ya pwani aagize wakati wa kaskazi, yachotwe mbali na mlango wa mto au mkondo, kisha ayaweke gizani kwenye pipa lenye pampu ya hewa wiki tatu au nne kabla ya kuyatumia. Halafu ni lazima mzigo uendelee kuja kila mwezi, barabara iwe wazi au isiwe.

Chumvi ya matangi inayochanganywa na maji safi ni ghali zaidi mkononi, ila leo na mwezi ujao inatoa maji yale yale. Kipimo ni gramu 36 hivi kwa lita, kufika uzito mahususi (uzito ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) wa 1.024 hadi 1.025. Tangi la lita 130 litameza karibu kilo 4.7 kujazwa mara ya kwanza. Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi: baada ya kujaza, tangi kubwa linatumia gramu 900 kila wiki mbili, na lile dogo linatumia karibu gramu 580 katika muda huo huo, kwa kuwa linabadilishwa kila wiki. Ujazo wake haufiki theluthi ya lile kubwa, ila chumvi linayokula inakaribia theluthi mbili, na hapo bado hujahesabu ya kuangulia artemia.

Chumvi ya mezani haifai, wala ile ya mawe inayovunwa kwenye mabwawa ya pwani, wala magadi. Bahari inapokaushwa ili kupata chumvi ya kula, kalsiamu hutangulia kujitenga, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachopata ni sodiamu kloridi karibu tupu. Magadi ni kitu kingine kabisa, soda ya ziwani.

Maji ya kuchanganyia yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Ya mfereji yana klorini, na ya visima katika sehemu nyingi za Nairobi yana floraidi nyingi. Duka la mtaa linalouza maji yaliyosafishwa, unalojazia mtungi wa lita 20, huenda likawa suluhisho lako, lakini nenda na kipimo cha TDS, kinachosoma madini yaliyoyeyuka majini, mfukoni. Kikisoma chini ya 10, chukua. Kikisoma 40 au 60, mwenye duka anarudisha madini au chujio lake limechoka, na madini hayo yatakuletea mwani. Pima kila unapojaza, kwa sababu chujio huchoka bila tangazo.

Maji yanayopotea kwa mvuke huongezwa kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai. Hewa kavu ya Januari na Februari huondoa kama nusu lita kwa siku kwenye tangi dogo na lita moja kwenye kubwa. Ukisahau siku tatu, chumvi ya dogo hupanda kwa karibu asilimia 4. Ya kubwa haifiki asilimia 3. Chora mstari wa kalamu kwenye kioo, ukiona maji yameshuka chini yake jaza.

Baridi ya Nairobi inakusaidia, urefu wake haukusaidii

Farasi-bahari wa kufugwa hukaa vizuri kati ya nyuzi 22 na 24. Ni kweli H. kuda huishi baharini kwenye maji ya joto kuliko hayo. Lakini bahari huosha uchafu kila saa, na tangi halioshi. Mabaki ya chakula hulisha bakteria wa jamii ya Vibrio, na wakishapata nyuzi 26 kwenda juu huzaana kwa kasi kubwa: vidonda vyeupe mkiani, ngozi inayobambuka, pua inayooza. Mombasa mfugaji analazimika kununua mashine ya kupoza maji, ambayo hugharimu kuliko tangi lenyewe. Nairobi feni ndogo ya kompyuta inayopuliza juu ya maji inatosha kushusha nyuzi mbili au tatu mwezi wa Machi.

Shida yetu ni Julai. Nyumba ya mawe isiyopata jua hulala na nyuzi 16, na tangi dogo lililozimika hita hufuata joto la chumba baada ya saa chache tu. Kubwa hushuka polepole na kukupa muda. Sababu ya kuweka hita mbili za wati 75 badala ya moja ya 150 ni hii: hita ikiharibika ikiwa imewaka, ya 75 pekee haina nguvu ya kupika lita 130. Kila hita ivalishwe kizimba cha plastiki. Farasi-bahari hutafuta kitu cha kushika kwa mkia, bomba la hita ni jembamba na limesimama wima, naye akilishika linapowaka huungua bila kuachia.

Kuhusu urefu: Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 81 ya lile la pwani. Maji ya chumvi ya nyuzi 24 yanayoweza kushika karibu miligramu 6.9 za oksijeni kwa lita kule Mombasa, hapa hushika karibu 5.6. Zinatosha kwa farasi, ila akiba ni ndogo. Kwa hiyo uso wa maji utikisike daima, na usifunike tangi kwa kioo kizima. Acha upenyo au tumia wavu. Na mtu asipulize dawa ya mbu chumba hicho, kwani pampu ya hewa huivuta na kuiingiza moja kwa moja majini.

Chakula, mahali uamuzi wenyewe ulipo

Farasi mkubwa aliyezaliwa tangini hufundishwa na mzalishaji kula misisi waliogandishwa, kamba wadogo sana wa sentimita moja au zaidi. Unayeyusha kipande kwenye kikombe, unakisuuza kwa maji safi juu ya kichujio cha chai ili ute usiingie tangini, kisha unavuta kwa sindano ya mililita 60 iliyofungwa mrija mgumu na kuwaweka misisi mmoja mmoja kwenye sahani ya kombe. Baada ya siku chache farasi hujua mahali hapo. Mtazame akila: jicho moja hugeukia kombe na la pili linakutazama wewe, shingo inainama polepole, pua inasogea hadi karibu kumgusa kamba, kisha unasikia *tik* kupitia kioo na kamba hayupo. Mmoja huhitaji misisi sita hadi kumi kwa mlo, milo miwili kwa siku. Kinachobaki baada ya nusu saa kivutwe kitoke. Hapo umemaliza, dakika kumi na tano asubuhi na nyingine jioni.

Udhaifu wa njia hii ni friji. Misisi wakiyeyuka kwa kukatika kwa stima na kugandishwa tena, huoza kwa ndani na kuwa mlango wa Vibrio. Weka chupa mbili za maji ya chumvi zilizogandishwa kando yao ili zishike baridi, na wakiyeyuka kabisa watupe bila huruma. Pia hakikisha una mahali pa kupata misisi kabla hujalipia mnyama, na ununue akiba ya miezi miwili. Uduvi mkavu wa sokoni hauwezi kushika nafasi yao: farasi hatambui kitu kikavu kinachoelea, na chumvi yake ni ya kuhifadhia.

Kibete hali misisi. Mdomo wake unapitisha artemia waliototolewa karibuni tu, na wawe hai. Mayai ya artemia yana faida moja kubwa: kopo lililofungwa vizuri hukaa miezi mingi mahali pakavu na baridi, stima iwepo isiwepo. Baada ya hapo kazi ni yako. Unahitaji chupa mbili za soda za lita mbili zilizokatwa kitako na kugeuzwa, kila moja ikiwa na lita moja na nusu ya maji yenye gramu 25 za chumvi kwa lita, robo kijiko cha chai cha mayai, mrija wa hewa unaofika chini kabisa, na taa. Kwa nyuzi 27 huanguliwa kwa saa 24. Kwa joto la sebule ya Nairobi mwezi wa Julai hujikokota hadi saa 48 na wengi hawatoki kabisa, ndiyo maana chupa zote mbili husimamishwa ndani ya ndoo ya maji yenye hita yake ya wati 50. Anzisha moja leo na nyingine kesho, ili kila siku kuwe na walioanguliwa.

Wavune mapema. Saa za kwanza kama nane wanatembea na kiini chao na ndipo wana lishe. Baadaye wanakuwa watupu, na inabidi uwape mafuta ya omega-3 kwa saa 12 ndipo wafae. Zima hewa dakika kumi, maganda yapande juu, weka taa chini, watoto wakusanyike kama wingu la rangi ya chungwa, uwavute kwa mrija na kuwasuuza. Maganda yasiingie, huziba utumbo.

Hata hivyo adui mkuu wa tangi la vibete ni haidroidi. Hivi ni viumbe vidogo vya jamii ya anemoni vinavyoonekana kama unywele mweupe kwenye kioo, vinauma, na vinastawi kwa chakula kile kile unachowapa farasi wako. Kibete aliyenaswa na kadhaa hufa, na watoto wake hufa kwanza. Huingia na mawe, mwani, na mara nyingine na maji ya kuangulia artemia. Kinga yake ina hatua mbili. Kwanza, vua mayai maganda: yaloweke saa moja kwenye maji safi, ongeza Jik isiyo na harufu, koroga bila kuacha. Rangi itatoka kahawia ikawa kijivu kisha chungwa, kwa kawaida kati ya dakika tano na kumi. Ikifika chungwa mimina kwenye kichujio laini na osha hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Pili, kabla mnyama yeyote hajaingia, tibu tangi kwa fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo inayouzwa agrovet. Haidroidi hufa, mwani haudhuriki. Baadhi ya konokono nao hufa, na mawe huinyonya dawa na kuiachia kwa muda mrefu, kwa hiyo anayepanga kuweka konokono atumie mawe mengine.

Mtu anayefanya kazi nyumbani na anayependa ufugaji wa chupa na mirija atafurahi na vibete kuliko na wakubwa. Dume hubeba mimba siku 10 hadi 14 na kuzaa watoto wachache wanaokula artemia wale wale tangu siku ya kwanza, jambo ambalo kwa watoto wa H. reidi, wanaozaliwa kwa mamia wakiwa wadogo mno, linahitaji chumba kizima cha kuzalisha chakula. Lakini anayetoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa mbili usiku, au anayekwenda ushago wiki mbili za Krismasi, asijidanganye. Jirani anaweza kufundishwa kuyeyusha misisi ulizompimia katika vikombe. Kumfundisha kuangulia artemia ni kazi ya mwezi.

Kichujio na stima

Vibete wanatosheka na sponji moja inayoendeshwa na pampu ya hewa ya wati 3 hadi 5. Pampu yoyote ya maji itawavuta wao na chakula chao. Sponji ikamuliwe kila wiki kwenye maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini huua bakteria wa kichujio.

Wakubwa wanachafua zaidi. Weka skima, kilo nane hadi kumi za mawe makavu ya kauri au ya aragonaiti, na pampu inayozungusha lita 700 hadi 1,000 kwa saa, mkondo wake ukigonga kioo ili utawanyike. Kila mdomo unaovuta maji uvalishwe sponji. Mawe na matumbawe ya kung'oa pwani usiguse. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi au Kisite huruhusiwi kuchukua hata kombe. Sakafu tupu ni bora kuliko mchanga, kwani unaona kila kilichodondoka. Vishikio viwe mwani wa Caulerpa, kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye jiwe, au matawi ya plastiki. Usiweke anemoni, kaa, wala samaki wepesi wanaowahi chakula.

Kabla ya mnyama, tangi lolote liivishwe wiki nne hadi sita, yaani bakteria wanaokula sumu ya uchafu wakue. Tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita, na subiri hadi kiasi hicho kiishe ndani ya saa 24 huku naitraiti, sumu ambayo amonia hugeuka kuwa, ikisoma sifuri. Hita iwe inawaka muda huo wote. Kwenye baridi bakteria huchukua muda zaidi. Baada ya hapo shikilia pH 8.1 hadi 8.4 na naitreti, hatua ya mwisho ya mageuzi hayo, chini ya miligramu 20 kwa lita. pH ikishuka hadi 7.8 katika nyumba ndogo iliyofungwa na inayopikiwa kwa gesi, fungua dirisha kwanza kabla ya kununua dawa.

Matumizi ya stima hayatofautiani kama watu wanavyodhani. Mwezi wa Julai tangi kubwa hula uniti mbili na nusu hadi tatu kwa siku, nyingi zikiwa za hita. Dogo hula karibu moja na nusu, kwa sababu ndoo ya kuangulia nayo ina hita. Februari kubwa hushuka hadi uniti moja hivi. Umeme ukikatika, wote wanaokolewa na pampu ya hewa ya volti 12 ya wati 5. Betri ya saa-ampea 7 huiendesha kama saa nane bila kuiumiza betri, ya 18 kama saa ishirini. Mwenye sola ya nyumbani anaiunganisha tu. Blanketi kuzunguka kioo, pande tatu, huhifadhi joto hadi asubuhi.

Aliyezalishwa au aliyevuliwa?

Hapa hatuna upande wa kati: chukua aliyezalishwa. Farasi-bahari wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES tangu 2004, na kuwaingiza nchini au kuwatoa kunahitaji kibali, ambacho nchini Kenya hutolewa kupitia KWS. Mwombe muuzaji nakala ya karatasi hizo. Akikujibu kwamba huyu ni wa kwetu pwani na hahitaji karatasi, ondoka. Farasi wa porini hujulikana kushika mwenzi mmoja na eneo moja la nyasi za bahari. Akivuliwa hutenganishwa na vyote viwili. Hubeba vimelea, na wengi hukataa misisi waliogandishwa hadi wanakonda. Bei yake ya chini unailipa baadaye kwa artemia, dawa na mnyama aliyekufa.

Dukani usitazame rangi. Mwambie muuzaji, "Hebu mtilie misisi waliogandishwa nione." Asipokula mbele yako, usinunue siku hiyo. Kisha karibia kioo. Macho yazunguke kila moja kivyake, mkia ushike kitu kwa nguvu, mashavu yapumue kwa utaratibu bila kuhema. Tazama mstari wa tumbo kutoka mbele: ukiwa umejaa au umenyooka ni sawa, ukiwa umebonyea kati ya mapingili ya mifupa amekaa na njaa muda mrefu. Mkia wenye malengelenge au dume linaloelea juu bila kuweza kushuka lina ugonjwa wa mapovu ya gesi. Hutibiwa kwa asetazolamidi chini ya daktari wa mifugo, na si kazi ya mtu anayeanza.

Nani achukue lipi

Kwa Nairobi, mwenye nyumba asiyehama ovyo, anayetoka asubuhi na kurudi jioni, na aliyehakikisha misisi, achukue tangi refu na jozi ya H. kuda au H. erectus waliozalishwa. H. reidi ni mzuri pia, ila watoto wake watakuhuzunisha kama huna nafasi ya kuwalea. Anayeishi chumba kimoja, anayehama, na anayeshinda nyumbani, achukue vibete, akijua mzigo utatoka Marekani na kwamba mnyama anayeishi mwaka mmoja atatumia siku mbili au zaidi za huo mwaka ndani ya mfuko. Aagize vijana wadogo, na azalishe mwenyewe. Asiyeweza chakula cha aina yoyote kati ya hivi viwili aweke samaki wa maji ya chumvi wasio wagumu, kwa tangi lile lile refu, na farasi wasubiri.

Siku mzigo unapofika JKIA, tangi liwe tayari, nyuzi 23. Acha mfuko uelee ndani ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, na uongeze kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa tu. Usivute muda zaidi: ukishafungua mfuko hewa ya kaboni hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokusanyika safarini huwa sumu kali. Mhamishe kwa mkono uliolowa, umruhusu ashike kidole kwa mkia, usimtoe hewani, na maji ya mfuko yamwagwe kwenye sinki. Taa zizimwe hadi kesho yake. Mlo wa kwanza mpe saa chache baada ya kuwasha, kidogo, na usishtuke akikataa siku ya kwanza. Akikataa siku ya tatu, pima amonia kabla ya kubadilisha chakula.